Nani Kafagia Ngazi?

Machozi yalikuwa yamemwishia Volker Raible, amebaki na kwikwi. Tangu aliposhikwa jana alikuwa akirudia neno lilelile: hakumsukuma baba yake mkubwa, alimkuta tu kalala chini, akapiga simu. Inspekta Walburga Eisele aliketi mbele yake, kikombe mkononi, akimsikiliza bila kupepesa. Hakumwamini. Hakuwa na desturi ya kumwamini mtu kabla ya kahawa ya pili, na hii ilikuwa ya kwanza.

Mambo yenyewe yalimkalia vibaya Volker. Jumapili asubuhi, kengele za kanisa kuu la Ulm zikiita watu, Mzee Gotthilf Raible aliporomoka kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe, kutoka ghorofa ya tatu mpaka mbele ya mlango wake wa ghorofa ya pili. Sasa yuko hospitali, fuvu limeingia ufa, hajafumbua macho. Daktari alisema mzee alikaa sakafuni muda mrefu kabla ya mtu kumwitia msaada, kwani mwili ulikuwa umeshaanza kupoa. Na aliyeita msaada ni Volker, mtoto wa nduguye na mrithi wake, ambaye Ijumaa tu walikuwa wamegombana mpaka majirani wa ng'ambo ya mto wakafungua madirisha wasikie vizuri.

Ugomvi ulikuwa juu ya nyumba. Volker alikuwa ameshaigeuza ghorofa ya juu kuwa fleti ya kukodisha kwa watalii, na sasa alitaka nyumba nzima iwe hivyo. Mzee alimwambia asubiri kwanza azikwe. Saa nane mchana Volker angefikishwa mbele ya hakimu, na kwa ushahidi ule hakimu angempeleka rumande bila kusumbuka kuvua miwani.

“Mzee alibadilishwa nyonga mwaka jana,” Eisele alisema. “Ngazi za juu alikuwa anazipandia nini?”

“Sijui, afande. Labda alikwenda kuwasumbua wageni. Ana tabia ya kuwatundikia kibao.”

Kibao hicho Eisele alikijua, na nani asiyekijua katika nchi ya Waswabi, huku kusini mwa Ujerumani? Ni ubao mdogo wenye kamba, unaning'inizwa mlangoni kwa mwenye zamu ya kufagia ngazi wiki hiyo, naye akishafagia anaupeleka kwa jirani. Waswabi wanaweza kusameheana wizi, wanaweza kusameheana hata kuibiana wake, lakini zamu ya kufagia hawasameheani. Kila zamu ilipofika juu, mzee alikitundika kibao kwenye mlango wa watalii ili kumkomoa Volker, nao watalii walikipiga picha, wakacheka, wakaenda zao kupanda mnara wa kanisa.

“Safari hii nani alifagia?”

Volker hakuelewa. “Alifagia nini?”

“Ngazi. Jana nilipiga magoti pale kutafuta damu. Kwenye pembe sikukuta hata unywele, na kishikio kimefutwa kwa kitambaa kibichi tangu juu hadi chini. Ulimlipa mtu?”

“Simlipi mtu. Huo ni ugomvi mwingine.”

“Au ulifagia mwenyewe?”

Volker akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu ashikwe, kikamtoka vibaya, akakimeza kwa aibu. Eisele alimalizia kahawa yake akasimama. Maneno ya Volker aliyatilia shaka yote, lakini kicheko kile alikiamini.

Sajenti Timo Rapp alimfuata mpaka uani kwenye gari akimbembeleza waiache kesi iende ilikoelekea. Mwenye sababu yumo ndani, alisema, mwenye nafasi yumo ndani, na wote wawili ni mtu mmoja. Wanataka nini tena? Eisele alimwambia anataka kujua habari za watalii. Rapp akamsimulia alivyowahoji jana: wanawake wawili, marafiki, wametoka Kiel huko kaskazini kabisa, wamekuja Ulm kwa mapumziko ya mwisho wa wiki na leo wanaondoka kwa treni ya saa sita. Aliyekodi fleti anaitwa Wiebke Jessen, kitambulisho kakionyesha mwenyewe bila kuombwa. Jana asubuhi alikuwa kando ya mto akiipiga picha ile nyumba maarufu iliyopinda. Mwenzake alibaki kitandani na maumivu ya kichwa, akameza dawa, akaziba masikio kwa ajili ya kengele, na hakusikia lolote.

“Mwenzake hana jina?”

“Thomsen. Roswitha Thomsen.”

“Kitambulisho chake?”

Rapp alijikuna shingo. Alisema mama wa watu alikuwa anaumwa, amejifunika shuka mpaka puani, kumsumbua kungekuwa ukosefu wa adabu.

“Timo,” Eisele alisema, “siku ukimkuta mwizi kajifunika blanketi, utambembeleza alale.”

Nyumba ya Mzee Raible iko katika mtaa wa kale, ya mbao na chokaa, imeinama kidogo kuelekea mto Blau kana kwamba inataka kunywa. Bibi Knöpfle wa ghorofa ya kwanza aliwafungulia kabla hawajagusa kengele. Mwanamke huyu mjane ameishi humo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na jicho la kwenye tundu la mlango wake halilali. Kibao cha zamu kilikuwa kimening'inia mlangoni pake, kimenyooka vizuri.

Aliwakaribisha ndani, akawakalisha, akaeleza tena aliyoyaeleza jana. Jumapili alisikia sauti ya mzee kule juu, inasema na kusema. Akajua wameanza tena na yule mpuuzi Volker, akaongeza sauti ya redio asikilize ibada yake kwa amani. Ndiyo maana hata kishindo hakukisikia. Hapo akajipangusa jicho.

Eisele alimuuliza kama sauti ya Volker aliisikia kwa masikio yake.

Bibi Knöpfle alifikiri. Jana hakuna aliyemuuliza hivyo. “Ya Volker, hapana,” alisema polepole. “Nilimsikia mzee tu.”

“Alikuwa anafoka?”

“Sasa ukiniuliza hivyo, mwanangu. Sauti ilikuwa juu, ila si ya kufoka. Gotthilf akifoka madirisha yanajua.”

“Na ngazi alifagia nani?”

Bibi aliweka mikono kifuani. Yeye hakufagia, alisema, na Inspekta asimfikirie ujinga huo. Kumfagilia mtu zamu yake ni kumfundisha uvivu. Jumamosi mchana alikwenda kwa dada yake kunywa kahawa na keki, aliporudi akakuta ngazi zinang'aa na kibao kimeshaletwa kwake. Alishangaa. Watalii wameanza lini kufagia? Na si kufagia kwa kusukumasukuma vumbi. Aliyefagia alianzia juu, akaingia kila pembe, akashuka mpaka ngazi za kuingilia bohari, akamalizia na njia ya nje. Kisha akasogea karibu na Eisele, maana sasa alifika pale palipokuwa panamwasha.

“Lakini lililonisimamisha nywele ni mazulia ya mlangoni. Mimi langu nikilikung'uta nalitandaza kwenye kishikio, kama watu wote. Hili nililikuta limesimamishwa ukutani, limekunjwa kidogo, mgongo nje. Nikapanda kuchungulia, la Gotthilf nalo vilevile. Tangu marehemu Hedwig azikwe, sijaona zulia limesimamishwa hivyo humu ndani.”

Hedwig alikuwa mke wa Mzee Raible. Eisele aliuliza nani mwingine aliyejua namna hiyo ya Hedwig. Bibi Knöpfle akatazama mlango kwanza, kana kwamba mzee angeweza kutokea na bandeji zake.

Kulikuwa na binti, alisema. Hedwig alimfundisha mwenyewe, Jumamosi kwa Jumamosi, tangu ufagio ukiwa mrefu kumzidi. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa alimpenda baharia wa kaskazini, na baba yake akamwambia akizishuka ngazi hizi kwa ajili ya mtu yule asizipande tena. Akazishuka. Mwaka baada ya mwaka mzee alikataa hata jina lake lisitajwe mezani. Hedwig alipokufa, hakumpelekea habari. Msichana wa watu alikuja kusikia kifo cha mama yake kwa watu baki, kaburi limeshaota nyasi.

“Alikuwa anaitwa nani?”

“Sisi tulimwita Rösle. Jina la ubatizo ni Roswitha.”

Rapp aliacha kuandika. Alimtazama bosi wake, bosi wake hakumtazama.

“Mama, hao wageni wa juu umewaona?”

“Watalii siwaangalii usoni,” Bibi Knöpfle alisema. “Leo hawa, kesho wale. Ukianza kuwaangalia watakuomba chumvi.”

Eisele alikuwa na swali moja tu lililobaki, nalo lilimfurahisha bibi kuliko yote. Aliuliza ufagio wa nyumba unawekwa wapi. Bibi Knöpfle akawashusha mwenyewe mpaka chini, nyuma ya mlango wa bohari, akaonyesha ubao uliolegea ubavuni mwa ngazi. Akauvuta. Ndani ya shimo kulikuwa na ufagio na kizoleo, vimepangwa. Mzee Raible alibuni maficho hayo zamani, kwa sababu kila ufagio ulioachwa nje ulipata miguu. Asiyekaa humu hawezi kuuona, alisema bibi, hata aje na mbwa wa polisi.

Bibi alipokwisha kurudi kwake, Rapp hakuweza kujizuia tena. Alitaka wapande mara moja wamwombe yule mama kitambulisho, mambo yaishe.

“Kitambulisho kitaniambia alizaliwa wapi,” Eisele alisema. “Kuzaliwa si kosa, hata kuja kumtazama baba yako kwa siri si kosa. Niambie kitu. Fimbo ya mzee mliikuta wapi?”

“Juu. Imeegemezwa ukutani, karibu na mlango wa watalii.”

“Umewahi kuona mtu anasukumwa, akaomba dakika moja aegemeze fimbo kwanza?”

Rapp alikiri hajawahi kuona. Jana alidhani Volker ndiye aliyeiweka pale, ingawa sasa alipojisikiliza akisema hivyo, mwenyewe alijionea haya.

Eisele alimweleza taratibu. Mzee yule hakupanda kugombana. Kwake ngazi iliyofagiwa vizuri ni sikukuu. Alitoka mlangoni Jumapili, akaliona zulia limesimama ukutani kama alivyolisimamisha mkewe, naye alijua ni mtu mmoja tu duniani aliyefundishwa hivyo na mkewe. Akapanda, na nyonga yake ile, kumfuata mtu huyo. Alipofika mlangoni akaegemeza fimbo ili apate mkono wa kubishia hodi. Na kama alibisha, na kama alisema kwa sauti iliyofika mpaka ghorofa ya kwanza, basi aliyekuwa kitandani kaziba masikio alikuwa anadanganya, au alikuwa kiziwi. Kitu ambacho Eisele hakukijua bado, na hakikumpendeza, ni kama mlango ulifunguliwa na mkono fulani ukatoka.

“Baki hapa,” alimwambia Rapp. “Nyuma ya mlango wa bohari. Usikohoe.”

Wiebke Jessen alimfungulia kwa uchangamfu wa watu wa pwani ya kaskazini, akamsalimu kama wanaojuana tangu shule. Mwili wake mkubwa ulikuwa umeshavaa koti la mvua, na masanduku mawili yalikuwa yamesimama tayari kwenye ujia. Alisema walikuwa wanaogopa polisi watawachelewesha treni. Alisema mji ni mzuri, ila chakula chenyewe, dengu na tambi kwenye sahani moja, dada Inspekta, nani aliwaroga?

“Ndiyo maana tuna akili,” Eisele alimjibu. Akaingia.

Roswitha Thomsen alikuwa ameketi karibu na dirisha, koti limefungwa vifungo vyote, mikono mapajani. Mwanamke mwembamba, nywele zimekatwa fupi. Aliitikia salamu kwa lafudhi ya Kiel isiyo na doa. Eisele alimtazama pua, akamtazama kidevu, lakini videvu havipelekwi mahakamani.

Aliuliza kama ni mara yao ya kwanza Ulm. Wiebke akajibu kwa niaba ya wote. Yeye alitaka Heidelberg, alisema, kuna kasri. Ni Roswitha aliyeng'ang'ania Ulm, eti aone mnara wa kanisa. Na fleti ni hii hii aliyoitaka, hakutaka kuona nyingine. “Sasa tumefika, mnara wenyewe hajaupanda. Mimi nazunguka mji, mwenzangu yumo ndani kama kuku anayeatamia. Eti goti.”

“Goti linaniuma,” Roswitha alisema.

“Pole. Na kichwa?”

“Kimepoa.”

“Jana hukusikia chochote?”

“Niliziba masikio.”

Eisele aliwaomba watoke kidogo mpaka kwenye ubaraza wa ngazi, wamwonyeshe waliikuta vipi hali waliposhuka jana. Wiebke akatangulia, anaeleza kwa mikono yote miwili. Dirishani pale palikuwa na chungu cha maua mekundu. Eisele aligeuka kama mtu anayetaka kumpisha mwenzake, kiwiko chake kikakipata. Chungu kikaanguka, kikavunjika, udongo ukamwagika ngazi nzima na ile ya chini yake. Moyo ulimuuma kweli. Mama yake mzazi angelimwona akifanya vile kwenye ngazi safi, angelimchapa pamoja na cheo chake.

“Ee, samahani,” alisema. “Hakuna ufagio?”

Wiebke alikwishaingia jikoni. Walimsikia anafungua makabati, anayapiga, anapiga kelele kwamba nyumba gani hii ina vijiko vya keki vya kila aina na haina ufagio. Roswitha hakuingia jikoni. Alikuwa ameuangalia ule udongo kwa uso wa kuudhika, kisha akashuka. Alishuka upesi, bila kushika kishikio na bila kulikumbuka goti. Akapita ghorofa ya pili, akapita ya kwanza. Eisele aliinama akasikiliza. Ubao ukavutwa chini kule, ukarudishwa.

Roswitha alipanda na ufagio na kizoleo. Akasimama juu ya udongo, akaanza penye pembe, anavuta kuelekea kwake ili vumbi lisiruke. Alikuwa ameshamaliza ngazi moja ndipo akasikia kimya. Nyuma yake alisimama Rapp, aliyempandia kwa vidole. Mlangoni alisimama Wiebke, mikono mitupu.

“Shoga,” Wiebke alisema, “huo umeutoa wapi?”

Roswitha aliutazama ufagio kana kwamba umemsaliti.

“Kitambulisho, Bi. Thomsen,” Eisele alisema.

Alikitoa mwenyewe mfukoni mwa koti. Eisele alikisoma, akampa Rapp naye akisome ajifunze. Jina la kuzaliwa, Raible. Mahali pa kuzaliwa, Ulm. Wiebke akaomba akione, akakishika muda mrefu. Miaka yote waliyofahamiana, alisema kwa sauti ndogo, Roswitha alimwambia hana mtu tena upande wa baba wala wa mama.

“Volker anakwenda kwa hakimu saa nane,” Eisele alisema. “Wakati wewe unashughulika na kizoleo hapa, yeye yuko selo analia. Ulimwacha ashikwe. Ukimwacha na leo, utakuwa umeiangusha nyumba nzima. Mlango uliufungua au hukuufungua?”

“Sikuufungua.”

Kisha akasema yote, ameketi kwenye ngazi, ufagio magotini. Hakuja kudai kitu. Aliona tangazo la fleti, akaitambua nyumba, akataka kulala humo mara moja tu kabla haijauzwa au mzee hajafa. Ijumaa jioni walikutana na baba yake uso kwa uso, ngazini. Mzee alimtazama machoni. Akamsomea masharti ya taka: chupa zisitupwe Jumapili, karatasi zisichanganywe na mabaki ya chakula. Hakumjua. Jumamosi Wiebke alipokwenda mtoni, Roswitha akakiona kibao mlangoni pake, na mikono ikafanya ilichofundishwa. Anaapa hakufagia ili ajulikane. Au labda ndiyo, hajui, asimuulize hilo.

Jumapili alimsikia anapanda. Fimbo, mguu, fimbo, mguu, halafu anapumzika.

“Alisema nini?” Eisele aliuliza.

“Alisema Rösle. Akasema, mama yako ndivyo alivyokuwa akisimamisha zulia. Akasema nifungue, miguu inamuuma. Halafu akabisha.”

“Nawe ulikuwa wapi?”

“Nyuma ya mlango. Mkono uko kwenye kitasa.”

Eisele alimwangalia mkono huo. Alikuwa na hasira naye, na hasira ikimjaa huwa anasema polepole. “Kwa nini hukufungua?”

“Miaka yote nilimngoja aje mlangoni kwangu,” Roswitha alisema. “Alipokuja, nikataka abishe kidogo zaidi.”

Wiebke alikuwa ameketi juu ya sanduku lake analia bila kujificha. Roswitha aliendelea kwa sauti ileile. Alisikia mzee anageuka. Akasikia anaanguka, mpaka chini. Akadhani amekufa papo hapo, akasema moyoni kwamba basi, imekwisha.

“Lakini hakuwa amekufa,” Eisele alisema.

“Hakuwa amekufa. Nikasikia anagonga. Kule chini, kwenye ubao wa ngazi, kwa mkono. Taratibu. Bado alikuwa anabisha.”

“Ukafanya nini?”

“Nikasikiliza mpaka aliponyamaza.”

Rapp aliangalia pembeni. Eisele alimwambia ashuke apige simu mahakamani, Volker Raible atolewe, na aelezwe kwa heshima, si kama mzigo uliokosewa anuani. Akamwambia Roswitha kwamba kumwacha mtu bila msaada ni kosa mbele ya sheria, kwamba atalijibu, na kwamba treni ya saa sita itaondoka bila yeye. Roswitha aliitikia kwa kichwa kila neno. Hakubishana na lolote.

Aliinuka akamalizia kuzoa udongo, na Eisele akamwacha amalize, maana hata yeye asingeweza kuondoka pale na ngazi ziko vile. Kisha akamshika mkono, si kwa upole, wakaanza kushuka. Alisema wangepita hospitali kwanza. Kituoni wangekwenda baadaye.

Mbele ya mlango wa baba yake Roswitha akasimama.

“Na akiamka, akikataa nisiingie?”

“Basi leo zamu ya kubisha ni yako,” Eisele alisema, akamsukuma kidogo begani waendelee kushuka.